Kibuyu cha Mlangoni

Kuna daktari wa watu, kuna daktari wa ng'ombe, na kuna daktari wa fukusi. Mzee Kivuti, wa kule Mbeere, nyanda za chini za Embu, aliota mvi bila kujua kwamba serikali inaweza kumpa mtu Landrova, dereva na nyumba ya mawe ili ashughulike na fukusi tu, wale wadudu weusi wanaotoboa kunde mpaka punje inabaki ganda. Daktari wa ng'ombe hakuwahi kumwona. Daktari wa watu, siku mke wake Igoki alipomhitaji mwaka wa tisini na tano, alikuwa ameenda semina, na Igoki akafa kwenye benchi la hospitali, karatasi ya foleni ingali mkononi. Lakini daktari wa fukusi alikuwa amemfikia mpaka uani, akapewa kiti, akapewa uji, akaondoka na kibuyu.

Na sasa, mwaka wa tisini na saba, huyo daktari wa fukusi alikuwa ametunga kitabu cha watoto.

Kivuti alionja kitabu hicho kabla ya kukiona. Alikuwa anarudisha mbuzi wake nyumbani, jua la saa kumi limekaza, wanafunzi ndio wanatoka shule, akasikia nyuma yake:

"Majivu! Majivu! Mama tia majivu!"

Akageuka na fimbo. Watoto watano, vumbi mpaka magotini, wakatawanyika vichakani kama kanga. Mmoja tu hakukimbia, kasichana kembamba ka darasa la nne. Kalisimama, kakainamisha kichwa kwa adabu, kakasema, "Habari ya jioni, Baba Majivu," kama mtu anayemwita mzee kwa jina lake la ubatizo.

Hapo ndipo Kivuti alipoogopa. Tusi la mtoto mtundu linapita na upepo. Lakini tusi la mtoto mwenye adabu, huyo amefundishwa.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Caroline, mkuu wa shule, msichana aliyemjua tangu akibebwa mgongoni. Mwalimu Caroline alipomwona alifunika kitu mezani kwa rejista.

"Mzee, nilikuwa nakuja kwako."

"Mwalimu, si mimi huyu nimekuja. Toa hicho ulichofunika."

Alikitoa. Kitabu chembamba, jalada la rangi, karatasi inateleza kama samli. Kimeandikwa *Tuchungulie Ghalani*, na chini yake, Dkt. Salesio Mutembei. Nyuma kulikuwa na picha yake, tai shingoni, tabasamu la mtu aliyelala ameshiba. Vitabu vingine tisa alikuwa ametunga, kilisema kitabu, na watoto wa nchi nzima walikuwa wanapenda kumwita Daktari Mwanga.

Kivuti alisoma mpaka darasa la tatu, halafu shule ikamwacha, au yeye akaiacha. Alisoma kwa kidole. Ukurasa wa kumi na tisa ulimchukua muda wa kuchemsha chai.

"Mama Majivu ni mama mzuri, lakini hajui sayansi. Yeye hutia majivu kwenye kunde zake kama bibi yake alivyofanya. Je, majivu ni dawa? La! Daktari Mwanga alipofungua kibuyu cha Mama Majivu aliona nini? Fukusi mia mbili na kumi na wanne! Watoto, tusifuate mila kama vipofu. Mwanasayansi huuliza maswali!"

Juu ya maneno hayo kulikuwa na mchoro wa mwanamke ameshika kichwa kwa mikono miwili, kinywa wazi, pengo la jino la juu linaonekana. Pengo lilikuwa la Igoki. Lakini wenye mapengo ni wengi. Kilichomaliza ubishi kilikuwa nyuma yake, ghala la fito juu ya miguu ya mti, na mlango wa bati wenye maandishi: MRADI WA BARA.

Mlango huo haukuwa na ndugu duniani. Miaka mingi nyuma, wakubwa walikuja na shangwe, wakasimika ubao wa bati, MRADI WA BARABARA, wakapigwa picha, wakala mbuzi wawili, wakaenda. Barabara haikuja. Ubao ukaanguka. Igoki akaukata kwa panga, akatengeneza mlango wa ghala lake, akasema walau serikali imemfungia kunde. Kila mtu wa kutoka Siakago mpaka mtoni aliujua mlango ule.

"Nilimwandikia barua," Mwalimu Caroline alisema. "Nikamwambia, Daktari, huyu mama amekufa, na wajukuu wa majirani zake wako kwa darasa langu."

"Akajibu?"

"Alisema ni hadithi tu, na jina limebadilishwa. Mzee, Ijumaa anakuja mwenyewe. Anagawa vitabu kwa shule zote za tarafa. Chifu atakuwa hapo, na mkubwa wa elimu." Akashusha sauti. "Mwambie mbele yao. Lakini watakuuliza kitu kimoja. Kunde za mama ziko vipi huko ghalani?"

Kivuti alitazama mikono yake.

"Sijui."

"Hujui? Miaka miwili?"

"Ghala ni la mwanamke, Mwalimu. Mimi nitaingia kufanya nini?"

Usicheke. Kwao mwanamume haingii ghala la mkewe. Hata njaa ikibisha hodi, mume hukaa nje akangoja mwenye ghala amtolee. Igoki alipokufa, wa kulifungua angekuwa binti yake, na binti hawakuwa naye. Wake za wanawe walikuwa Nairobi, hawawezi kuona vumbi. Basi ghala lilisimama limefungwa uani, na kiangazi cha mwaka jana Kivuti alikula mahindi ya njano ya msaada, yenye harufu ya gunia, hatua ishirini kutoka kwenye vibuyu vya mke wake. Watu walimcheka. Aliwajibu kwamba anayetaka kucheka akacheke kwake.

Njiani kurudi nyumbani moyo ulimchoma, na si kwa sababu ya daktari peke yake.

Maana siku ile ya tisini na tatu alikuwepo. Igoki alikuwa ameenda matangani ng'ambo ya mto. Landrova ikaingia, akashuka Dkt. Salesio Mutembei, mtu wa Kibirichia juu kule Meru kwenye baridi na viazi, na kamera kifuani. Akasema anatafiti jinsi akina mama wanavyohifadhi kunde. Kivuti alifurahi kama mtoto. Mtu wa serikali nyumbani kwake! Akaonyesha ghala. Akamwonyesha hata picha ya Igoki ya kitambulisho, naye daktari akaipiga picha kwa kamera yake. Wakafungua mlango wa bati. Halafu wote wawili, msomi na asiyesoma, wakasimama nje kama mbuzi mbele ya daraja.

"Ingia, Daktari."

"Ah, mzee." Daktari alicheka kicheko kikavu. "Hata kwetu Kibirichia hatuingii. Mama yangu angefufuka."

Akanyoosha mkono tu. Akachukua kibuyu kilichokuwa pale mlangoni, cha kwanza kuguswa na vidole, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika kitu, akaenda.

Jioni Igoki aliporudi na kuambiwa, alikaa chini kwa kicheko.

"Cha mlangoni? Kivuti, cha mlangoni ni cha kuku! Ni zile zilizotobolewa, natupa hapo niwape kuku asubuhi. Hakina majivu hata ya kupaka kope. Vya majivu viko ndani kabisa, nyuma, vimefungwa. Daktari amepeleka chakula cha kuku Embu kupimwa!" Akapangusa machozi. "Kesho panda gari ukamwambie, asije akaandika upuuzi."

Na Kivuti, mume, kichwa cha nyumba, alisema nini? Alisema, "Nyamaza, mwanamke. Yule ni mtu wa serikali. Anajua anachofanya."

Hakwenda kesho yake. Hakwenda kamwe. Sasa maneno hayo yalikuwa yanamrudia kama kiungulia. Na kulikuwa na jingine baya zaidi, ambalo hakumwambia Mwalimu Caroline. Igoki alisema vya ndani ni vizima. Igoki alisema. Yeye mwenyewe hakuwahi kuviona. Je, kama fukusi wamo? Basi kitabu kitakuwa kimesema kweli, na Igoki atabaki ameshika kichwa kwenye ukurasa wa kumi na tisa mpaka karatasi ioze.

Ijumaa uwanja wa shule ulipambwa kwa maua ya bogenvilia. Chifu Rwamba alivaa kofia yake ya kazi na tumbo lake la kazi. Mkubwa wa elimu alifika saa tano badala ya saa tatu, akawapongeza watoto kwa kuvumilia jua, yeye akiwa chini ya turubai. Kisha akainuka daktari.

Tuseme kweli, alijua kuwachezesha watoto. Aliruka, alitambaa kama fukusi, alijifanya punje ya kunde inayolia. Watoto walikufa kwa kicheko. Mtu mzima wa miaka hamsini, amesomeshwa ng'ambo kwa kodi ya pamba ya watu wa hapa, anatambaa kwenye vumbi na tai! Kivuti, aliyekaa nyuma na wazazi, alifikiri kwamba pesa za umma zimewahi kufanya kazi mbaya zaidi, lakini si ya kuchekesha zaidi.

"Watoto!" daktari alipaza sauti. "Mwanasayansi hufanya nini?"

"Huuliza maswaliii!"

"Na nani anaruhusiwa kuuliza?"

"Kila mtuuu!"

Kivuti akasimama. "Basi mimi nina swali."

Chifu Rwamba aligeuka haraka kuliko tumbo lake lilivyotaka. "Mzee Kivuti, keti. Hii si baraza."

"Chifu, si umesikia? Kila mtu. Ama mimi si mtu?"

Watoto wakacheka. Daktari, ambaye bado hakumtambua, alifungua mikono kama mchungaji. "Mwacheni mzee aulize. Hii ndiyo sayansi."

"Ahsante, Daktari. Huyu Mama Majivu wako, kibuyu chake ulikitoa sehemu gani ya ghala?"

Uso wa daktari ukabaki unatabasamu, lakini macho yaliondoka. Alimtambua.

"Mzee, hiyo ni siku nyingi. Na ni hadithi ya watoto..."

"Fukusi mia mbili na kumi na wanne uliwahesabu, unawakumbuka. Mahali umesahau? Nitakusaidia. Ulikitoa mlangoni. Kwa nini hukuingia ndani?"

Mkubwa wa elimu aliangalia saa yake.

"Hukuingia," Kivuti alisema, "kwa sababu uliniambia hata kwenu Kibirichia hamuingii. Mama yako angefufuka. Unawaambia watoto mila ni upofu, na wewe mila ilikushika shati ukabaki nje unapapasa kama mwizi wa mayai! Ulichobeba kilikuwa cha kuku. Muulize mama yeyote hapa, cha mlangoni ni cha nini?"

Akina mama nyuma hawakungoja kuulizwa. "Cha kuku!" walisema, na mmoja akaongeza, "Hata mjinga anajua!" na kicheko kikapita chini ya turubai, kikagusa mpaka watu wasiotaka kucheka.

"Mzee," daktari alisema taratibu, "hayo ni maneno. Sayansi inataka ushahidi."

"Ghala ni lile pale." Kivuti alinyoosha fimbo. Kutoka uwanjani, ng'ambo ya njia, mlango wa bati ulikuwa unametameta. "Twende ukachukue."

Chifu alisema hakuna atakayetoka kwenye mstari. Alisema hivyo kwa watoto mia nne waliokuwa wameshaondoka.

Uani kwa Kivuti watu walijaa mpaka kwenye ua wa miiba. Kivuti alikata kamba, akafungua mlango. Harufu ya miaka miwili ikatoka, kavu, ya moshi na vumbi. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Karibu, Daktari. Vya majivu viko nyuma kabisa."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mlango ni mdogo."

"Igoki alikuwa mnene kuliko wewe."

"Nina suti, mzee. Kiambi!" Alimwita dereva wake. "Hebu ingia hapo utoe."

Dereva alikunja mikono. "Daktari, mimi nina mke nyumbani na ana ghala. Niambie niendeshe gari."

"Chifu, basi..."

Chifu Rwamba alishika kiuno na kusema mgongo wake ulikuwa unamsumbua tangu Pasaka. Mkubwa wa elimu alikuwa ameona kitu cha maana sana juu ya mti.

"Mimi nitaingia," Mwalimu Caroline alisema.

"Hapana, mwanangu." Kivuti alimpa fimbo amshikie. "Ukiingia wewe watasema vimetoka kwako. Na tena, huyu na mimi tulisimama hapa pamoja. Yeye amekataa. Mimi bado sijajibu."

Akavua kofia, akapiga magoti, akaingia.

Ndani kulikuwa na giza na joto. Kwa miaka thelathini na sita ya ndoa hakuwahi kujua kwamba kuna rafu humo. Igoki alikuwa ameifunga kwa kamba za mkonge, na vibuyu vilikaa juu yake vikubwa kwa vidogo, kila kimoja kimefungwa mdomo kwa gunzi na kinyesi cha ng'ombe, na kwa kila shingo kamba yenye mafundo. Mafundo yalikuwa hesabu ya kitu. Mavuno? Miaka? Hakujua. Alikuwa mgeni humo, kama daktari. Mkono wake ulipogusa kibuyu cha nyuma kabisa alikitikisa, na sauti aliyoisikia ilikuwa nzito, lakini punje tupu nazo huweza kudanganya. Alitamani kukifungua kwanza peke yake, ajue, ili kama ni aibu akifiche na kuleta kingine. Alikaa hivyo na kidole kwenye gunzi. Kisha akasema kwa Kimbeere, kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia nje, "Safari hii nitakuamini bila kuuliza," akatoka kinyumenyume na kibuyu kimefungwa vilevile.

Mwalimu Caroline alitandaza leso. Kivuti alivunja kifuniko, akainamisha.

Majivu yalitoka kwanza, mengi, laini, yakapeperuka na kutua kwenye viatu vya daktari vilivyong'aa. Watoto waliokuwa mbele wakasema "Aaa!" Kisha kunde zikamiminika, nyekundu, nzito, zinalia kwenye kitambaa kama mvua ya kwanza kwenye bati.

"Darasa la nne," Mwalimu Caroline alisema, "tafuteni matobo."

Walipiga magoti kuzunguka leso. Kasichana kale kembamba kalikuwa kati yao, ulimi nje, kanageuza punje moja moja. Hata mkubwa wa elimu alisahau saa yake. Muda ulipita, kisha kasichana kakainua kiganja.

"Fukusi watatu, Mwalimu. Wamekufa. Na punje nne zenye tobo."

"Nyingine?"

"Nyingine nzima."

Akina mama walipiga vigelegele, na mmoja alilia. Daktari alichuchumaa, akachukua punje, akaitazama juani. Uso wake, lazima isemwe, ulibadilika. Kwa kitambo kidogo alikuwa mtu anayeona kitu. Halafu akakumbuka cheo chake, akatoa kijitabu mfukoni.

"Inavutia. Inavutia sana. Huenda majivu yanamkwaruza mdudu ngozi, anakauka. Mzee, katika chapa ya pili nitaongeza ukurasa. Daktari Mwanga agundua siri ya majivu! Nitahitaji sampuli. Nipe kibuyu kimoja."

"Agundua?" Kivuti alisema.

"Ni lugha ya kitabu, mzee."

"Sampuli iko hapo," Kivuti alisema, akaonyesha kizingiti, ambapo kipande cha kibuyu kingine cha kuku kilikuwa kimelala na maganda matupu. "Cha mlangoni. Si ndicho ulichozoea?"

Hata Kiambi dereva alilazimika kugeuka na kukohoa.

Vitabu havikurudishwa. Wenye nchi hawafuti kosa, wanalichapisha mara ya pili. Vilikwenda Runyenjes, vikapanda mlima mpaka Nchiru na Ruiri na hukohuko Kibirichia, na hivi tunavyozungumza kuna mtoto mahali anacheka pengo la Igoki na kupewa alama kwa kucheka. Ukurasa wa majivu, kama ulichapishwa, haukuwahi kufika Mbeere. Lakini katika shule ile moja ya ng'ambo ya njia, Mwalimu Caroline aliwaambia watoto watoe kalamu, kalamu ya wino, na chini ya mchoro wa ukurasa wa kumi na tisa kila mmoja akaandika kwa mkono wake: *Huyu ni Igoki. Daktari alichukua cha kuku.*

Wiki iliyofuata darasa la saba lilikuja kwa Kivuti na madaftari, kujifunza jinsi kunde zinavyowekwa. Alikaa kwenye kigoda chake, akawatazama, akafungua mlango wa bati.

"Mimi niliingia siku moja, inatosha. Wasichana, ingieni. Mkayasome yale mafundo, mniambie alikuwa anahesabu nini."

Waliingia mmoja mmoja, wakatoka na majivu magotini na midomo imejaa maneno. Wavulana walingoja nje, mlangoni, pamoja na kuku.